Kusomea Magofu si Anasa

Mazungumzo ya juma, kama yalivyotangazwa redioni

Juma hili nataka tuzungumze juu ya elimu moja ambayo wazazi wengi wa mijini wakiisikia hucheka, na wengine hukasirika kabisa. Mtoto amemaliza chuo kikuu, shahada yake ya kwanza anayo, na jamaa wamekwisha kaa kikao wakakubaliana kwamba sasa atafute kazi awasaidie wadogo zake. Yeye anasema anataka kurudi darasani kusomea shahada ya uzamili. Haya, ya nini? Ya biashara? Ya uhasibu? Ya kompyuta? Anajibu kwamba ni ya usimamizi na uhifadhi wa maeneo ya urithi. Baba mtu anauliza: urithi gani huo, wakati babu yako hakuacha hata shamba la mihogo?

Swali la baba huyo halistahili kudharauliwa. Ada ya chuo ni fedha, na mwaka mmoja au miwili ya kusoma ni mwaka mmoja au miwili bila mshahara. Mtu anayetaka kutumia fedha ya ukoo hana budi kueleza anainunulia nini. Kwa hiyo leo nitajaribu kueleza elimu hii ni nini, ilitoka wapi, inafundisha mambo gani, na ina faida gani kwa kijana na kwa nchi. Nitasema pia pale ambapo mimi mwenyewe naona mambo bado hayajakaa sawa.

Tuanze na neno lenyewe. Wasomi wa fani hii wanapotaja urithi hawazungumzii nyumba ya marehemu inayogombewa na watoto wake. Wanazungumzia vitu ambavyo tumevikuta, ambavyo hakuna mtu hata mmoja anayeweza kusema ni vyake peke yake, na ambavyo vikipotea havitengenezwi tena. Baadhi ni kazi ya mikono ya binadamu: msikiti wa kale, ngome, mji, makaburi, michoro kwenye miamba. Vingine ni kazi ya maumbile: mlima, msitu, ziwa, mbuga na wanyama wake. Hivyo vya kwanza huitwa urithi wa utamaduni, na vya pili urithi wa asili.

Zamani mambo haya mawili yalikwenda kila moja kwa njia yake. Watu wa magofu walikuwa na shule zao na vyama vyao, na watu wa wanyama walikuwa na vyao. Kilichowakutanisha ni maji ya mto Nile. Misri ilipoamua kujenga bwawa kubwa la Aswan, ilionekana wazi kwamba mahekalu ya Abu Simbel, yaliyochongwa ndani ya mwamba zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, yangezama. Mwaka 1960 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, likatoa mwito kwa mataifa yote. Kati ya mwaka 1964 na 1968 mahekalu yale yalikatwa vipande vipande, yakapandishwa kiasi cha mita 65 juu ya mahali pake pa asili, na kuunganishwa upya. Kazi nzima ya kuokoa mambo ya kale ya Nubia iligharimu kiasi cha dola milioni 80, na karibu nusu ya fedha hizo zilitolewa na nchi zipatazo 50. Nyingi kati ya hizo hazikuwa na undugu wowote na Farao.

Kutokana na kazi ile likazaliwa wazo kwamba kuna vitu ambavyo, ingawa viko katika nchi fulani, hasara ya kuvipoteza ni ya wote. Tarehe 16 Novemba, 1972, mjini Paris, ukapitishwa Mkataba wa Urithi wa Dunia. Mkataba huo ndio uliounganisha utamaduni na maumbile katika hati moja. Mpaka leo mahali panapoombewa kuingia katika orodha ya urithi wa dunia hupimwa kwa vigezo kumi: sita vya utamaduni na vinne vya maumbile. Kutimiza kimoja kunatosha, lakini lazima pia pawepo sheria na mpango wa kupalinda.

Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1977. Ngorongoro iliingia katika orodha mwaka 1979, Serengeti pamoja na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, Selous mwaka 1982, Kilimanjaro mwaka 1987, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 2006. Wenzetu wa Kenya wana Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia mwaka 2001, misitu ya Kaya za Wamijikenda mwaka 2008, Fort Jesus mwaka 2011, na mengineyo. Hata hivyo Afrika kusini mwa Sahara ina chini ya sehemu moja ya kumi ya maeneo yote yaliyomo katika orodha hiyo. Katika ile orodha ya pili, ya maeneo yaliyo hatarini, sehemu yetu imekuwa kubwa kwa miaka mingi.

Sasa, ndugu msikilizaji, utaniuliza: kutunza gofu kunahitaji shahada ya uzamili kweli? Si kuweka mlinzi, kufyeka majani, na kumkemea mtoto anayeandika jina lake ukutani? Nitakujibu kwa mifano miwili.

Mwaka 1978, mahali paitwapo Laetoli, kiasi cha kilomita 45 kusini mwa Bonde la Oldupai, timu ya Dk. Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo, zipatazo 70, zimo katika mstari wenye urefu wa karibu mita 27. Hakuna fedha inayoweza kununua kitu kama hicho. Baada ya kuchunguzwa na kupigwa picha, mwaka 1979 zilifukiwa upya kwa mchanga na udongo, na juu yake yakapangwa mawe. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu jua, mvua na kwato zingezimaliza. Lakini ndani ya mchanga ule zilikuwamo mbegu za migunga. Mbegu zikaota. Miaka ikapita, migunga ikakua juu ya nyayo zile, na mizizi ikaanza kushuka kule kule kulikofichwa hazina.

Ilibidi serikali ya Tanzania ishirikiane na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya California kuliokoa eneo hilo. Mwaka 1995 na 1996 nyayo zilifukuliwa tena. Miti ilikatwa na visiki vikatiwa dawa vife palepale, kwa maana kuving'oa kungepasua majivu yale yaliyogeuka jiwe. Mizizi iliondolewa kidogo kidogo kwa mkono. Kisha nyayo zikafukiwa safari hii kwa mchanga uliochekechwa, pamoja na matabaka ya kitambaa maalumu chenye dawa ya kuzuia mizizi. Kabla ya kufunika, wazee wa Kimaasai wa eneo lile waliitwa, na kiongozi wao wa kidini akafanya tambiko la kupabariki mahali pale. Angalia basi wataalamu wangapi walihitajika kwa nyayo 70: mwenye kujua mawe, mwenye kujua mimea, mwenye kujua dawa, mpima ramani, na mwenye kujua kuongea na wazee.

Mfano wa pili uko pwani, na wengi wetu tunaupita kila siku. Ukuta wa nyumba ya kale ya Unguja, Lamu au Bagamoyo umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Wakati wa masika hunyonya unyevu, na wakati wa kiangazi huutoa. Anakuja mtu mwenye nia njema, anaona nyufa, anaupiga plasta ya saruji. Kwa mwaka wa kwanza unapendeza. Lakini saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanayopanda kutoka ardhini hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, chokaa ya zamani hulegea na kuwa unga, na hatimaye plasta ile hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. Aliyetaka kuokoa ndiye aliyebomoa.

Hivyo ndivyo vitu vinavyofundishwa. Kwa kawaida mwanafunzi wa uzamili huanza kwa kujifunza kupima thamani ya mahali. Si thamani ya shilingi, bali kujua ni kitu gani hasa kinachopafanya pale pawe na maana, na kwa nani. Kwa mwanahistoria, Kilwa Kisiwani ni mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala, aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331. Kwa mkazi wa kisiwani ni makaburi ya wazee wake na kisima anachotekea maji. Mpango ukimsahau mmoja wao, utashindwa.

Baada ya hapo hujifunza kuweka kumbukumbu: kupima, kuchora, kupiga picha kwa utaratibu, na siku hizi kutumia mitambo inayopima jengo kwa miale ya leza na kulihifadhi zima katika kompyuta. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yamekwisha pimwa hivyo na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Faida yake ni kwamba ukuta ukianguka kesho, tutajua ulikuwaje jana.

Kisha hujifunza kuandika mpango wa usimamizi, ambao ndio moyo wa fani hii. Nani anawajibika? Fedha zinatoka wapi? Wageni wangapi waingie kwa siku, na wapite njia ipi? Moto ukizuka tunafanya nini? Hujifunza pia sheria za nchi na za kimataifa, mambo ya ardhi, uchumi wa utalii, hesabu za fedha, na jinsi ya kuendesha mkutano wa kijiji. Kwa ajili hiyo darasa la masomo haya huwa na watu wa kila aina: aliyesomea mambo ya kale, msanifu majengo, mtu wa misitu, mwanasheria, mwalimu wa jiografia. Kila mmoja huja na ujuzi wake na kuona upungufu wake.

Hapo kwenye mkutano wa kijiji ndipo palipo na kazi kubwa kuliko zote, na napenda nipakalie kwa muda.

Chukua michoro ya Kondoa. Michoro ile si picha za kale tu. Yako majabali ambako watu wa pale bado hufanya matambiko ya mvua na ya kuponya wagonjwa. Mhifadhi anaogopa kwamba pombe inayomwagwa na moshi wa tambiko vitaharibu rangi. Mzee wa kijiji anajibu kwamba majabali yale yaliheshimiwa miaka yote kwa sababu ya matambiko hayo hayo. Ukiyapiga marufuku unaokoa rangi na kuua sababu ya watu kulilinda jabali. Na kama watu hawalijali, watakuja wengine kulichimba chini kutafuta zile mali zinazosemekana zilifichwa na Wajerumani. Uchimbaji wa aina hiyo umetokea Kondoa, na umeharibu mengi. Kitabu hakina jibu la mkato hapa. Mwanafunzi hufundishwa kukaa, kusikiliza, na kutafuta makubaliano yanayoweza kushikwa.

Chukua Makaburi ya Kasubi, Kampala, walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Yaliingia katika orodha ya dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, nyumba kuu ya nyasi ikateketea kwa moto. Je, jengo likiungua na kujengwa upya, bado ni lile lile? Kwa ngome ya mawe, wengi wangesema hapana. Lakini nyumba ya nyasi huezekwa upya kila baada ya muda, na Buganda kazi hiyo ina wenyewe, watu wa ukoo wa Ngeye, wanaorithishana ujuzi. Uhalisi wake umo katika ujuzi wa ukoo huo, maana nyasi zenyewe hubadilishwa daima. Ndivyo wataalamu walivyokubaliana huko Nara, Japani, mwaka 1994, kwamba kila utamaduni upimwe kwa vipimo vyake. Kasubi ilijengwa upya, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya hatari.

Chukua Ngorongoro, iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959 kwa makubaliano kwamba pale wataishi pamoja mtu, mfugo na mnyama wa porini. Watu wakaongezeka, mifugo ikaongezeka, na watalii wakaongezeka pia. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia baadhi ya wakazi Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wake umekuwa mkali ndani na nje ya nchi. Sitaki leo kuamua kesi hiyo katika dakika mbili. Ninalosema ni kwamba suala la namna hiyo linawahitaji watu waliosoma maumbile na utamaduni kwa pamoja. Anayemjua nyumbu peke yake atasema watu watoke, anayemjua Mmaasai peke yake atasema hakuna tatizo, na wote wawili watakuwa wamesema nusu ya habari.

Haya, masomo haya yanapatikana wapi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha mambo ya kale mwaka 1985, na siku hizi kina idara inayofundisha mambo ya kale na urithi hadi ngazi ya uzamili. Kwa upande wa wanyamapori tunacho Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kilichosomesha wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina masomo ya juu ya misitu na wanyamapori. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Western Cape kimeshirikiana na makumbusho ya Robben Island kutoa stashahada ya uzamili ya makumbusho na urithi. Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda anayesoma kwa Kifaransa anacho Chuo Kikuu cha Senghor, mjini Alexandria, Misri, kilichoanza kufundisha mwaka 1990. Ulaya, chuo cha Cottbus, Ujerumani, kilianzisha mwaka 1999 shahada ya uzamili ya urithi wa dunia inayofundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wake hutoka katika mabara yote.

Stashahada ya uzamili kwa kawaida huchukua mwaka mmoja; shahada ya uzamili mwaka mmoja na nusu au miwili, na ndani yake kuna utafiti ambao mwanafunzi huuandika mwenyewe. Kwa anayekwisha kuwa kazini na hawezi kuondoka muda mrefu, zipo kozi fupi. Kati ya mwaka 1998 na 2009 ulikuwapo mpango ulioitwa Africa 2009, ulioendesha kozi za miezi kadhaa kwa Kiingereza mjini Mombasa na kwa Kifaransa mjini Porto-Novo, Benin. Wahifadhi wengi wanaoongoza maeneo yetu leo walipita huko. Tangu mwaka 2006 upo pia Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, wenye makao Afrika Kusini, ambao hugharamia mafunzo ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye yale yasiyonipendeza.

La kwanza ni kwamba tunasomesha halafu hatutumii. Katika miaka ya karibuni Tanzania imekabidhi maeneo kadhaa ya mambo ya kale kwa mashirika ya maliasili. Magofu ya Kilwa yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, magofu ya Kaole yakapewa watu wa misitu, na Kimondo cha Mbozi kikapewa Mamlaka ya Ngorongoro. Sababu inaeleweka: mashirika hayo yana fedha, magari na askari, vitu ambavyo idara ya mambo ya kale ilikuwa ikivililia kwa miaka mingi. Lakini askari aliyefundishwa kufuatilia jangili wa tembo hajui kwa nini saruji isiguse msikiti ulioanza kujengwa karne ya 11. Hilo si kosa lake, maana hakufundishwa. Basi kama maeneo yameunganishwa, na elimu nayo iunganishwe. Kila shirika lililopewa gofu liajiri aliyesomea gofu, na limpe cheo ambacho sauti yake itasikika kabla lori la saruji halijashusha mzigo.

La pili ni tasnifu zetu. Mwanafunzi anakwenda kijijini, anawahoji wazee kwa Kiswahili kwa miezi kadhaa, anaandika kwa Kiingereza, anafaulu, na kitabu kinakaa kwenye rafu ya maktaba kikila vumbi. Wazee waliomwambia mambo yale hawayaoni tena. Mimi napendekeza jambo dogo lisilo na gharama kubwa: kila tasnifu inayohusu eneo la urithi iwe na muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili fasaha, na nakala zake ziwekwe ofisi ya kijiji, shule ya pale, na ofisi ya eneo lenyewe. Ikiwezekana asipewe cheti mpaka apeleke.

La tatu ni mafundi. Chuo kinaweza kumfundisha kijana kwa nini chokaa ni bora, lakini anayejua kuichoma, kuizima kwa maji, kuiacha iive na kuichanganya na mchanga kwa kipimo ni fundi mzee ambaye pengine hakufika darasa la saba. Huyo hujua kuchagua boriti ya mkoko kwa kuigonga tu. Atakapofariki hataacha tasnifu. Kama vyuo vinaweza kumlipa mgeni kutoka ng'ambo atoe mihadhara ya juma zima, vinashindwaje kumlipa fundi wa Mji Mkongwe au wa Lamu asimame mbele ya wanafunzi wa uzamili, mwiko mkononi, awafundishe?

Nimesikia hoja kwamba nchi yenye upungufu wa zahanati haiwezi kufikiria magofu. Ni hoja ya haki, na mwenye mtoto mgonjwa hawezi kulaumiwa kwa kuitoa. Lakini watalii wanaopanda Kilimanjaro na wanaotembea katika vichochoro vya Forodhani na Shangani huja kwa sababu ya vitu hivi hivi. Mpagazi, mpishi, dereva, mama anayefuma vikapu, wote wanakula kutokana na urithi uliotunzwa. Ukibomoka, mgeni hatakuja kutazama kifusi, na zahanati ile haitapata senti. Isitoshe, maeneo haya ndiyo ushahidi wetu. Wako watu walioandika kwamba pwani hii haikuwa na chochote kabla ya wageni kuja. Msikiti Mkuu wa Kilwa na jumba la Husuni Kubwa hujibu kimyakimya, mradi visimame.

Na kusimama si jambo la hakika. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 pale Forodhani, ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, ukarabati ukiwa unaendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Sitaki kumnyoshea mtu kidole hapa. Nalitaja ili tuelewe kwamba tunapozungumza juu ya kuhifadhi jengo la kale tunazungumza pia juu ya uhai wa mafundi walio juu ya jukwaa na wapita njia walio chini yake. Nyumba ya kale ni kama mzee mgonjwa. Anayemtibu lazima ajue umri wake, maradhi yake ya zamani, na dawa ambazo mwili wake hauwezi kuzistahimili.

Kilwa inatuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2004 magofu yake yaliwekwa katika orodha ya hatari, kuta zikianguka na mawimbi yakila ufukwe. Yakafanyiwa kazi miaka kumi: kuta zikakarabatiwa, wakazi wakashirikishwa, mpango wa usimamizi ukaandikwa na kufuatwa. Mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha hiyo. Kazi ile ilihitaji fedha za wahisani, ni kweli, lakini fedha peke yake hazijui kuchanganya chokaa. Ilihitaji watu waliosoma na watu wenye ujuzi wa mikono, wakikaa meza moja.

Kwa hiyo, mzazi, kijana wako akikuambia anataka kusomea urithi, usimcheke. Muulize maswali magumu: atasoma wapi, nani atalipa, utafiti wake utafanyika katika eneo gani, na akimaliza nani atamwajiri. Akiwa na majibu, mpe baraka zako. Na wewe kijana, usiende kusomea urithi kwa sababu umekosa nafasi katika biashara. Fani hii ina mshahara wa wastani na jua kali, na mara nyingi utakuwa peke yako ukisema hapana mbele ya watu wenye haraka.

Nanyi mnaoshika mafungu ya fedha, wazee wetu walikwisha sema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba yako mwenyewe methali hiyo ni onyo la gharama tu, maana ukuta waweza kuujenga mwingine. Ukuta uliojengwa miaka mia saba iliyopita ukianguka, atakayeujenga upya hajazaliwa.

Tukijaaliwa tutakutana tena juma lijalo. Kwaheri.